Chupa ya Tano

Mimi si mtu wa kukimbia. Magoti yangu yalishagoma siku nyingi, na hata mvua ikinikuta njiani naiacha ininyeshee, nitakauka nikifika. Lakini Ijumaa ile nilikimbia. Nilikimbia na aproni ya kazi yenye madoa ya mafuta, kandambili moja nyekundu na nyingine ya bluu, na kila aliyeniona alijua leo kuna jambo.

Kisa chenyewe ni chupa.

Napika sabuni, mwaka wa kumi na tisa huu, na mtaani wananiita Mama Povu. Nilikuwa nalichukia jina hilo mpaka nikachoka kulichukia. Sasa, ukitaka sabuni ya mche lazima uwe na kostiki. Unaimwaga kwenye ndoo ya maji, inachemka yenyewe bila moto, inatoa moshi wa kukaba koo, halafu unaiacha itulie hadi kesho yake ndipo uichanganye na mafuta. Ikishatulia inakuwa safi kabisa, huwezi kuitofautisha na maji ya kunywa. Ila maji ya kunywa hayali ngozi. Mkono wangu wa kushoto una kovu la ukubwa wa kijiko. Lilikuwa tone tu, wakati najifunza kazi, na nilivyolia siku hiyo nakumbuka mpaka leo.

Alhamisi jioni ilibaki kostiki kidogo, nusu lita hivi, na ndoo nilikuwa naihitaji. Nikachukua chupa tupu ya maji kwenye lundo la mjukuu wangu, hizi za dukani ambazo watu wanakunywa mara moja na kutupa, nikamimina humo, nikakaza kizibo, nikaiweka mezani. Hapo mezani ndipo vinapokaa vidonge vyangu vya presha pamoja na chupa yangu ya maji ya kumezea. Kwa hiyo zikawa chupa mbili zimesimama ubavu kwa ubavu kama mapacha. Nimefanya hivyo miaka yote. Sijitetei, nasema tu ilivyokuwa.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa sakafuni anahesabu chupa zake tupu. Ana miaka kumi, yuko darasa la tano, na nyumbani jina lake ni Mwanasheria, maana hakuna neno utakalomwambia likapita bila rufaa. Mama yake, yaani binti yangu, anafanya kazi mji mwingine na anakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo kesi zote nazisikiliza mimi.

"Bibi," akasema, "hiyo si kostiki?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Mwalimu alisema vitu vya sumu visiwekwe kwenye chupa za maji. Alisema mtu anaweza—"

"Mwalimu wako anajua kupika sabuni?"

"Hajui, lakini—"

"Basi aendelee na chaki zake. Na wewe usinipigie kelele, nina presha. Hesabu chupa zako."

Akarudi kwenye chupa zake. Nikajua nimeshinda, nikaenda zangu kulala.

Niseme ukweli, mimi na yule mwalimu hatukuwa tunaivana. Ni mwalimu wa mazingira, mwanamke mwembamba, mpole, sauti yake ya chini hata ukitaka kugombana naye unaona aibu. Muhula uliopita walituita wazazi wote mkutano. Tukaambiwa shule imeacha mifuko ya plastiki: chakula cha mtoto kije kwenye bakuli lenye kifuniko, maji yaje kwenye chupa ya kudumu, na kila Ijumaa kila mwanafunzi aje na chupa tano zilizotupwa, ziwe za nyumbani au za mtaroni. Hadi hapo sikuwa na neno. Mtaro wa mbele ya nyumba yangu ulikuwa umeziba kwa chupa na mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka jikoni, na tangu watoto waanze kuokota, mtaro unapumua. Lakini mwalimu akaongeza kwamba kuna wazazi wanaweka mafuta ya taa, dawa za kufulia na vitu vya viwandani kwenye chupa za maji, na waache. Naapa aliniangalia mimi. Nikasimama nikauliza mbele ya watu: "Mwalimu, umewahi kupika sabuni hata siku moja?" Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka, alisema tu, "Hapana, mama," akaendelea. Mimi nikarudi nyumbani kifua mbele.

Haya. Ijumaa asubuhi Mwanasheria aliondoka mapema na kiroba chake begani. Niliamka nikiwa bado na usingizi, nikanyoosha mkono mezani, nikameza kidonge changu kwa maji, nikaoga, nikapiga pasi vitambaa vyangu, mambo ya kawaida. Miwani sikuiona. Sijawahi kuiona miwani yangu asubuhi, huwa inajitokeza yenyewe mchana. Saa nne kasoro nikawasha jiko nipashe mafuta, nikageuka nichukue ile kostiki.

Mezani palikuwa na chupa moja. Yangu ya maji, nusu.

Nikaangalia chini ya meza. Nikaangalia nyuma ya jiko, karoni, nyuma ya mlango, chini ya kitanda ambako haiwezi kwenda hata kwa bahati mbaya. Hakuna. Nikatazama pale sakafuni zilipokuwa chupa za mtoto. Pameshafagiwa, peupe.

Kwanza nilikasirika, na hilo nalitubu. Nilisema kwa sauti, peke yangu na jiko langu: "Kumbe! Amebeba ushahidi! Amenipeleka kwa mwalimu!" Maana ndivyo alivyo, akishindwa kesi nyumbani anakata rufaa. Nikaona kabisa chupa yangu imewekwa juu ya meza ya mwalimu, na mimi nasemwa mbele ya darasa. Nikazima jiko kwa hasira.

Halafu nikakumbuka wanachofanya na zile chupa.

Alishanisimulia, tena akicheka. Baada ya mapumziko ya saa nne watoto wote wanatoka uwanjani. Wakubwa wanafungua vizibo na kumwaga maji yaliyobaki kwenye beseni, yakamwagilie miche. Wadogo kazi yao ni kukanyaga, chupa zilale bapa zienee kwenye magunia. "Wa darasa la kwanza, Bibi, hawataki kufungua kizibo. Wanairukia na kizibo chake, inalia pwaa! Maji yanawarukia usoni, wanafurahi hao!"

Usoni.

Nikaliona tone langu la miaka kumi na tisa iliyopita, nikalizidisha likawa nusu lita, nikaliweka kwenye macho ya mtoto wa miaka sita. Mungu wangu. Nikatoka.

Shule yao si mbali, ukitembea ni dakika kumi na tano. Nilipopita kwa fundi cherehani alinyanyua kichwa akaita, "Mama Povu! Umeshinda bahati nasibu au unafukuzwa?" Siku nyingine ningesimama nimpe la kumpa. Nilipita hata salamu sikutoa, na nikasikia cherehani imenyamaza nyuma yangu. Pumzi ziliniishia kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikashika nguzo, nikahesabu moja mpaka kumi, nikafika sita nikaondoka. Kichwani nilikuwa naomba kitu kimoja tu: wachelewe. Kengele iharibike, mwalimu mkuu apende kuongea leo, wachelewe tu.

Getini mlinzi akaniwekea daftari mbele. "Shikamoo mama. Andika jina, saa, na unayemtafuta."

"Baba, niache nipite, nina dharura."

"Wote wana dharura, mama. Andika."

Sikuwa na miwani. Sikuwa hata na akili ya kushika kalamu. Na wakati nimeinamia lile daftari nachora michirizi, nikasikia kutoka ndani: pwaa! Halafu kicheko cha watoto. Halafu pwaa nyingine.

Daftari lilianguka, nadhani na meza yake. Mlinzi aliita nyuma yangu, "Mama! Mama we!" sikugeuka.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watoto mia tatu, labda zaidi, na chupa kila mahali: kwenye malundo, kwenye viroba, mikononi, zinabingirika miguuni. Katikati beseni kubwa la bluu, na wasichana wanne wakubwa wamelizunguka wanamwaga maji, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Upande wa ukuta ndio wale wadogo, wanaruka kama wamewekewa springi, na wengine wamevua viatu wasivichafue. Miguu mitupu! Macho yangu yalikuwa yanatafuta sare ya mtoto mmoja na kichwa kimoja chenye mabutu mawili ya nywele, na hakuwepo.

Mwalimu wa mazingira aliniona akaja. "Karibu, mama. Habari za nyumbani?"

Hapa ndipo ninapojionea aibu zaidi ya pote. Nilifungua mdomo niseme, nikamtazama ule utulivu wake, nikakumbuka ukumbi ulivyocheka, na nikasema: "Nzuri. Nilikuwa... namtafuta mjukuu wangu. Kuna kitu kasahau."

Kasahau! Watoto wanaruka na mimi nalinda jina langu.

"Yuko nyuma ya madarasa," akasema. "Leo alileta chupa nne, na wenye pungufu wanafagia. Nilimuuliza ya tano iko wapi, akanijibu ya tano ina kazi. Nimtume mtu akamwite?"

Ya tano ina kazi. Nilisikia hayo maneno lakini hayakuingia, maana wakati huohuo kule ukutani chupa ililia pwaa kubwa kuliko zote, na katoto kamoja kakapiga ukelele, kakajishika macho kwa viganja viwili, kakainama.

Sijui ile sauti niliitoa wapi. Watu wa nyumba za jirani na shule walisema baadaye waliisikia.

"Simameni! Kila mtu asimame! Wekeni chupa chini, msikanyage, msiguse maji! Kuna kostiki humo! Kuna chupa ya kostiki, ni yangu, mimi ndiye niliyeiweka, ni ya kwangu!"

Uwanja ulinyamaza mpaka nikasikia chupa moja ikibingirika peke yake. Watoto mia tatu wamesimama, wengine mguu mmoja juu. Nilikuwa nimeshafika kwa kale katoto, nimepiga magoti, nakatoa viganja usoni. "Nionyeshe, mama, nionyeshe macho. Inauma? Inaunguza?" Kakanitazama kwa macho mawili mazima, mekundu kidogo, kamejaa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kuniogopa mimi. Nikalinusa shati lake. Soda. Soda ya machungwa iliyochacha. Nikamwosha uso hata hivyo kwa maji ya bomba, nikamwosha mara tatu mpaka akaanza kulia kwa sababu ya mimi kumwosha.

Mwalimu hakuniuliza swali hata moja, nampa haki yake. Aliwatoa watoto wote mpaka kwenye varanda za madarasa, mstari kwa mstari. Wale wasichana wanne wa beseni aliwapeleka bombani akawasugua mikono. Kisha akarudi akasimama pembeni yangu, akakunja mikono ya blauzi yake. "Tutaijuaje?" akauliza.

"Ni nzito," nikasema. "Kostiki ni nzito kuliko maji. Nikiishika nitaijua."

Basi tukaanza. Yeye ananipa zilizo na maji ndani, mimi napima kwa mkono. Maji. Maji. Maji ya matope. Soda. Maji. Kwenye beseni nilichovya ncha ya kidole na kusugua: maji hayatelezi, hamna kostiki. Shukuru Mungu, lakini chupa iko wapi? Zilizokanyagwa tayari tulizigeuza moja moja, na kila niliyoigeuza nilikuwa naogopa nitakuta imelowa na inateleza. Jasho liliniingia machoni, na sikuthubutu kujifuta.

"Bibi?"

Alikuwa amesimama kwenye kona ya madarasa na fagio lake, mabutu mawili, soksi moja imeshuka. Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja.

"Iko wapi?" nikafoka. "Chupa yangu umeiweka wapi? Umempa nani?"

"Ipi?"

"Usinifanyie uwakili hapa! Ya kostiki!"

Akatazama lundo la chupa, akamtazama mwalimu wake, akanitazama mimi nilivyopiga magoti kwenye tope na kandambili zangu za rangi mbili. Nikaona anavyoelewa, taratibu.

"Bibi, haipo hapa. Sikuileta. Ipo nyumbani, juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa."

"Juu ya kabati imefikaje?"

"Nilipanda kiti. Leo asubuhi, ulipokuwa umelala."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Alizungusha mpini wa fagio. "Nilikuambia jana," akasema kwa sauti ndogo. "Ukasema nisikupigie kelele."

Varanda nzima ilikuwa inasikiliza. Uso ulinishuka. Nilingoja mwalimu aseme, maana zamu yake ilikuwa imefika na nilistahili kusemwa. Alichosema ni, "Mama, una magoti mabaya, ngoja nikuinue." Akaniinua.

Waliniletea kiti na kikombe cha maji, nikakataa maji. Nilimwambia mwalimu kwamba ile siku ya mkutano alikuwa amesema kweli na mimi nilijua ni kweli wakati watu wanacheka. Akasema yamepita. Hayajapita, lakini ni vizuri alivyosema. Niliagana na kale katoto ka darasa la kwanza kakajificha nyuma ya mwenzake. Mlinzi alinifungulia geti, meza yake imeshasimama tena.

Nilirudi polepole. Fundi cherehani alinitazama usoni, akaacha utani, akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia hapana, hakuna mgonjwa, nikaendelea na njia yangu.

Nyumbani nilisogeza kile kiti mpaka kwenye kabati. Bado kilikuwa na alama mbili za vumbi za miguu midogo. Nikapanda, magoti yakapiga kelele zake, nikasukuma sufuria kubwa. Chupa ilikuwepo, ile ya tano, nzito, kizibo kimefungwa na kuzungushiwa utepe wa gundi mara nyingi. Tumboni alikuwa ameibandika ukurasa wa daftari, umeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu, herufi kubwa kama za bango la dukani. Sikuhitaji miwani.

BIBI, HII SI MAJI. MAJI YAKO YAPO MEZANI.

Nilishuka kwenye kiti, nikaiangalia meza. Vidonge, na chupa yangu ya maji nusu. Asubuhi nilikuwa nimenyoosha mkono pale bila miwani, nusu usingizini, kama kila asubuhi, nikashika chupa iliyokuwepo nikanywa mafunda matatu bila hata kuitazama. Ilikuwepo moja tu. Jana usiku, nilipokwenda kulala na ushindi wangu, zilikuwa mbili, na sijui mkono wangu ungeshika ipi. Nimejaribu kukumbuka, nimekaa pale na kunyoosha mkono mara nyingi, na kila mara unakwenda upande ule ule, upande niliokuwa nimeiweka kostiki.

Kidonge cha jioni sikukigusa. Nilikaa sakafuni, pale anapohesabia chupa zake, mpaka Mwanasheria aliporudi, akaweka begi, akaniangalia, akaenda mwenyewe kunimiminia maji kwenye kikombe.